Siku Nungunungu Alipomnyoosha Chatu kwa Hesabu ya Vyura

Tegeni!

Tumetega!

Tegeni masikio, mitego ya panya iacheni!

Tumetega, Mjomba!

Nitupe nisitupe?

Tupa tudake!

Natupa basi. Nyamizi, funga hilo daftari kwanza. Najua mwalimu wenu kawapa hesabu ya maneno, na najua umeikodolea macho tangu saa kumi mpaka hesabu yenyewe imeanza kukuonea huruma. Vuta gunia, chukua gunzi lako, tupukuchue huku tukisema. Hadithi hii alinipa bibi yenu juu ya mahindi kama haya, enzi ambazo kengele ya shule yetu ilikuwa rimu la lori, na uji wa saa nne ulinukia mpaka mwalimu mwenyewe anapoteza alipofikia. Mimi shule niliiacha darasa la tano. Niliiacha mimi, yenyewe haikutaka tuachane. Lakini kwa hesabu hii nimewakalisha chini watu wenye vyeti vya kujaza sanduku. Haya.

Zamani za zamani, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, wanyama walikuwa na shule. Usicheke, Kulwa. Walikuwa na shule nzuri kuliko yako. Asubuhi walifagia uwanja, wakapanga mstari, mfupi mbele mrefu nyuma, twiga kila siku wa mwisho. Mwalimu wao alikuwa Kima. Mwalimu Kima alivaa koti hata wakati wa joto, na alifundisha kwa kuitikisha. Yeye anatupa neno, darasa zima linajibu kwa sauti moja.

"Ukisikia ZAIDI?"

"Jumlisha!"

"Ukisikia PUNGUFU?"

"Toa!"

"Ukisikia MARA?"

"Zidishaaa!"

Mpaka vumbi linainuka. Wanyama wazima waliopita njiani wakisikia walisimama, wakakumbuka ujana wao, nao wakaitikia. Nchi nzima ilikuwa hivyo. Ukiuliza jambo, watu hawafikiri, wanaitikia. Aliyeitikia kwa nguvu ndiye mwenye akili.

Mmoja tu hakuwa akiitikia. Mama Nungunungu. Yeye shule aliacha darasa la pili, na sababu mnaijua: dawati la watatu, ukikaa na nungunungu katikati, wawili wanalia. Swala alichomwa, Digidigi akachomwa, Mwalimu Kima akainama kusahihisha daftari, naye akachomwa pua. Wakamwambia, "Mwanangu, nenda tu nyumbani." Akaenda.

Akakua, akaolewa, mume akaliwa na simba, akabaki na mtoto mmoja. Mtoto mmoja tu, jina lake Kachoma. Huyo Kachoma ndiye aliyekuwa jua lake na mwezi wake.

Sasa kikaja kiangazi. Kiangazi cha zamani, siyo hivi vya kwenu. Mito ikakauka mpaka kambare wakaanza kutembea kwa miguu. Wanyama wakubwa wakawa wanakwenda mbali kutafuta maji, na watoto wote wakaachwa kwenye pango moja lenye ubaridi, mlango mmoja, mwembamba. Asubuhi wanaingizwa, jua likipoa wanachukuliwa. Ndivyo walivyozoea.

Siku moja wazazi wanarudi na vibuyu vyao, mlango hawauoni. Wanaona mapindi. Pindi juu ya pindi, pindi juu ya pindi, pindi juu ya pindi. Chatu amejiviringisha mlangoni mwa pango, kichwa kakiweka juu kama kifuniko cha chungu.

Ndani watoto wanalia. "Mamaaa!"

Nje mama wanalia. "Wanangu!"

Chatu akasema, "Msilie kwa fujo, nina kichwa kinaniuma. Mnajua mwiko wa ukoo wetu. Chatu hamezi mtoto wa mtu kabla ya kuuliza maswali matatu. Mkijibu hata moja, naondoka. Mkikosa moja, naongeza pindi. Mkikosa la pili, naongeza pindi. Mkikosa la tatu, nageuza kichwa kiangalie ndani."

Wanyama wakamtazama Mwalimu Kima. Mwalimu Kima akafunga vifungo vya koti. "Wazazi, msiwe na wasiwasi. Kwa hesabu tuko vizuri."

Chatu akauliza la kwanza:

"Jana nilimeza vyura kumi na wawili. Hao ni zaidi ya wa juzi kwa vyura wanne. Juzi nilimeza vyura wangapi?"

Mama Nungunungu akasema, "Ngojeni niliweke chini nilione."

Nani amngoje? Mwalimu Kima kashasikia neno lake. "Wazazi! Tumesikia ZAIDI! Tukisikia ZAIDI?"

"Jumlishaaa!"

"Kumi na wawili na wanne?"

"Kumi na siiita!"

Hivyo hivyo, "siiita", kwa raha zao, kama wako uwanjani tena na kaptula zao. Fisi alitokwa na machozi kwa kumbukumbu.

Chatu akawatazama mpaka waliponyamaza. "Jana nimemeza wengi kuliko juzi. Nyie mnaniambia juzi kumi na sita, jana kumi na wawili. Sasa wengi ni wapi hapo? Juzi walikuwa wanane." Akaongeza pindi. Mlango ukapungua. Sauti za watoto zikawa ndogo.

Mama Nungunungu akaenda pembeni, akang'oa mwiba mgongoni. Mnadhani mwiba wa nungunungu unang'oka kama unywele? Jaribu kung'oa kucha. Akaulaza mchangani, akasema polepole:

"Lala mwiba, lala chini,
nionyeshe nisichokiona."

Mwiba mrefu, jana. Akang'oa mfupi, akaulaza chini yake, juzi. Pale ncha ya mrefu ilipompita mfupi, ndipo vyura wanne. Akaona. Lakini swali lilikuwa limekwisha pita.

Chatu akauliza la pili:

"Mwezi jana nilimeza vyura kumi na wanane. Hao ni mara tatu ya wale niliowameza mwezi juzi. Mwezi juzi nilimeza wangapi?"

Mama Nungunungu akasema, "Ngojeni niliweke chini nilione! Jamani, ngojeni, huyu mwezi juzi ni mfupi, ni kipande kimoja tu, jana ndiyo vipande..."

"Mama Kachoma, nyamaza!" Fisi huyo. "Wewe darasa la pili uliondoka kwa kuchoma watu. Waachie waliosoma."

"Lakini Fisi, kaka yangu..."

"Kaka yako nani? Kaa chini! Tena usikae karibu yangu."

Mwalimu Kima akapanda juu ya jiwe. "Tumesikia MARA! Tukisikia MARA?"

"Zidishaaa!"

"Kumi na wanane mara tatu?"

Hapo walichelewa kidogo, maana jedwali la kumi na nane halikuwa limefundishwa. Wakahesabu vidole, wakahesabu kwato, wakaazima vidole vya Nyani. "Hamsini na wanneee!"

Chatu hakucheka. Laiti angecheka. "Mwezi jana ndio wenye wengi, kisha mwezi juzi mnanipa hamsini na wanne? Mimi ni chatu, siyo ziwa. Walikuwa sita." Akaongeza pindi. Sasa mlango ulibaki tundu la kupitisha mkono wa mtoto. Na mkono mmoja ukatokea kweli, mdogo, una vimiba laini vya kijivu ambavyo bado havijakomaa.

"Mama," sauti ikasema. "Mama, huku hewa inakwisha."

Kachoma.

Nyamizi, usiache kupukuchua, nasimulia. Futa na macho pia.

Wanyama waliinamisha vichwa. Mwalimu Kima alikuwa anatafuta kifungo cha koti ambacho hakikuwa kimepotea. Mama Nungunungu akapita katikati yao, mpaka mbele ya Chatu, akasimama.

"Shikamoo, Bwana Chatu."

Chatu akashtuka. Tangu azaliwe hakuna aliyemsalimia akiwa mlangoni kwa watu. "Marahaba."

"Uliza la tatu, lakini uliza taratibu. Mimi siyo mwepesi."

Chatu akasema, "La tatu siyo langu. Ni la mama yangu. Alikuwa ananiuliza kila jua likizama, nami nilikuwa mdogo, nawaza kulala. Nasema, kesho, mama, nitajibu kesho. Ikafika kesho ambayo mama hakuwepo." Sauti yake ikabadilika, ikawa ya kike, ya upole, kama mtu anayesoma barua ya zamani:

"Mwanangu, baba yako, mimi na wewe tumemeza vyura arobaini na saba kwa jumla. Mimi nimemeza mara mbili yako. Baba yako amemeza saba zaidi yangu. Je, baba yako kameza wangapi?"

Wanyama wakapokea kwa mazoea.

"JUMLA! Jumlisha!"

"MARA! Zidisha!"

"ZAIDI! Jumlisha tena!"

"Jumlisha nini na nini?"

"Wewe jumlisha tu!"

Kila mmoja na lake. Wa kulia wanazidisha, wa kushoto wanajumlisha, Fisi anatoa, hata hajui anatoa nini. Wakamgeukia Mwalimu Kima. Mwalimu Kima hayupo. Koti lilikuwa kwenye jiwe, mwenyewe alikuwa juu ya mti wa miiba.

Mama Nungunungu akasema kwa mara ya tatu, "Ngojeni niliweke chini nilione."

Safari hii wakamngoja. Walikuwa wameishiwa sauti.

Akafumba macho, akang'oa mwiba mmoja. Damu tone. Akaulaza.

"Lala mwiba, lala chini,
nionyeshe nisichokiona.
Huyu ni mtoto. Sijui kameza wangapi. Sina haja ya kujua sasa, alale tu hapo."

Akang'oa miwili, sawasawa na ule wa kwanza, aliing'oa mahali pamoja ili isizidiane hata kwa ukucha. Damu tone, damu tone. Akailaza chini ya mtoto, mmoja baada ya mwingine.

"Huyu ni mama. Mara mbili ya mtoto, basi miiba miwili."

Akang'oa miwili mingine, sawasawa na ile. Akailaza chini ya mama. Kisha akang'oa wa sita, akaukata kwa meno, akaweka kipande kifupi mwishoni.

"Huyu ni baba. Yuko sawa na mama, kisha kampita kwa hiki kipande. Na hiki kipande ndicho peke yake ninachokijua jina. Kinaitwa saba."

Akarudi nyuma hatua moja, akatazama. Bibi yenu alipofika hapa alikuwa anaacha kupukuchua, anachukua magunzi sita na kuyapanga mchangani, la mtoto, ya mama, ya baba. Nami niko hapo, miguu mitupu, na ada ya mwaka mzima sijalipiwa, natazama magunzi. Nawaambieni kweli, shuleni nilikaa miaka mitano, lakini hesabu niliiona kwa mara ya kwanza juu ya lile gunia.

Mama Nungunungu akatazama, akaona. Midomo yake ikachezacheza. Kisha akainua uso.

"Baba yako kameza vyura ishirini na watatu."

Chatu akasema, "Nitajuaje?"

"Nini?"

"Nitajuaje kama ni kweli? Mama hakuniachia jibu. Mtu anaweza kunidanganya hapa, nikaondoka na njaa yangu."

Wanyama wakashika vichwa. Hii imetoka wapi tena? Mtu anauliza swali ambalo jibu hana! Lakini Mama Nungunungu alikuwa anautazama mlango. Alilitazama lile tundu, akayatazama mapindi, akaitazama miiba yake mchangani.

"Una haki, Bwana Chatu. Usiniamini. Njoo uone kwa macho yako. Lakini miiba yangu ni midogo, na macho yako yamezeeka. Tutumie kitu kirefu."

"Kirefu gani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye arobaini na saba. Jinyooshe."

Chatu akafikiri. Pindi moja likalegea. Akafikiri tena, pindi la pili likalegea. "Nijinyooshe wote?"

"Ukibaki na pindi, hesabu itakuwa na pindi. Unataka jibu la mama yako lipinde?"

Pindi la tatu. La nne. La tano. Chatu akashuka mchangani, shwaaa, akalala moja kwa moja kama barabara ya lami, mkia huku, kichwa kule, mgongo wake kaupa mlango.

Mama Nungunungu akachomeka mwiba karibu na mkia. "Hapa mkiani pako, ndipo ile saba ya baba iliyozidi. Iweke pembeni. Arobaini na saba ukitoa saba?"

"Arobaini," akasema Chatu.

"Waliobaki wote ni sawa." Akapima kwa hatua, akachomeka mwiba, akapima, akachomeka, mpaka mwili wa Chatu ukawa na mafungu matano yanayolingana. Na kila akipiga hatua, akautikisa mkia wake, cha-cha-cha, cha-cha-cha, mlio ambao watoto wa nungunungu huufuata tangu wakiwa wachanga.

Ndani ya pango Kachoma akausikia. Akamshika Swala mdogo mkono. Swala mdogo akamshika Digidigi. Wakatoka mmojammoja, kwa ncha za vidole, nyuma ya mgongo wa Chatu.

"Mafungu matano," akasema Mama Nungunungu huku jasho linamtoka. "Moja la mtoto, mawili ya mama, mawili ya baba. Arobaini kwa matano, kila fungu?"

"Usiniambie!" akasema Chatu. "Usiniambie, naliona. Wanane! Kila fungu wanane!"

Cha-cha-cha.

"Basi mama..."

"Mama wanane na wanane, kumi na sita! Na baba kumi na sita, na ile saba ya mkiani..." Chatu akainua kichwa, macho yanang'aa. "Ishirini na watatu! Ni ishirini na watatu! Mama! Ni ishirini na watatu!"

Mama gani aliyekuwa anamwita, nchi nzima ilijua, na hakuna aliyecheka. Hata Fisi.

Na pale alipochomekewa miiba, mwaona hata leo alama zake: mabaka ya mgongoni kwa chatu. Mwenye kubisha akamkague.

Chatu akageuka pangoni. Pango tupu. Akageuka kwa wanyama. Kila mzazi kapakata wake, na Mama Nungunungu kamkumbatia Kachoma kwa upande wa tumbo, ule usiochoma.

"Watoto wako wapi?"

"Uliuliza vyura, Bwana Chatu," akasema Mama Nungunungu. "Watoto hukuuliza. Na swali nimejibu."

Chatu akaitazama miiba iliyolala mchangani, akashusha kichwa mpaka karibu na ule mmoja wa juu kabisa, uliolala peke yake.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

"Vyura wanane." Akautazama. "Mama kumi na sita, baba ishirini na watatu, mimi wanane. Kumbe nilikuwa mdogo hivi. Kumbe ndiyo maana alikuwa anauliza mpaka nalala."

Akaomba ule mwiba mmoja. Mama Nungunungu akampa. Chatu akaubeba mdomoni, taratibu, kama unavyobeba yai, akaenda zake moja kwa moja kuelekea jua linakozama. Wala hakujipinda mpaka alipopotea.

Naam. Mwalimu Kima alishuka mtini siku ya tatu. Shule ikaendelea, uwanja ukafagiwa, wakapanga mstari, mfupi mbele mrefu nyuma. Lakini akitupa neno, watoto hawaitikii tena. Wanainama, wanalaza vijiti, wanatazama. Darasa likawa kimya. Wazazi wakipita njiani hawakupenda ule ukimya, walisema shule siku hizi haina raha kama zamani. Ila watoto walikuwa wanapata.

Hadithi yangu imefika ukutani, anayeitaka zaidi avunje ukuta. Funzo lake ni hili: swali usilipigie kelele. Lilaze chini, uone nani mrefu, nani mfupi, nani kampita nani, kisha ndiyo uguse namba. Haya Nyamizi, fungua daftari. Soma hesabu yako, Mjomba wako aimalize kwa magunzi mawili tu.

Unasemaje? Yako ni ya maembe?

Aa. Chatu hali maembe. Muulize mama yako.